Shofere Ana Mulango, Mama Ana Kamba

Wanasema mimi niko retreti, nimestaafu. Vijana wa parkingi wananipokea na hiyo salamu kila asubuhi: "Muzee, retreti inaendaje?" Niwajibu leo mara moja, halafu musinirudilie tena. Sikuenda retreti. Mutu wa retreti anaagwa, anapewa soda na kiti cha mbele, watu wanapiga picha naye. Mimi nilinyang'anywa ufunguo kando ya barabara pale Kibumba, nikaachwa na mufuko wangu wa nguo na bidon ya maji. Na kama leo wangenirudishia siku ile, na kamyo ile, na patroni yule mwenye kamyo na makelele yake, ningesema lile lile nililosema: hapana, sishuki.

Basi kaeni, nyinyi mnaojifunza kazi hii. Nitawapa nilichonacho, na nilichonacho hakiko kwenye simu zenu. Mimi ni Papa Mugisho. Watu wa kwetu ni wa upande wa Bukavu, lakini Goma ndiyo iliyonizeesha. Mugisho ni mutoto wangu wa kwanza, naye ni shofere. Tena mpaka juzi alikuwa anaendesha kamyo ile ile niliyoikataa. Ndiyo! Kwa hiyo musidhani ninasema maneno ya hewani. Kila asubuhi kamyo ile ikipanda kuelekea Kibumba, roho yangu ilikuwa inapanda nayo, na hairudi mpaka nisikie motere yake ikirudi mujini.

Zamani parkingini waliniita Padri. Si kwa sababu nilisali sana, mama Mugisho anaweza kuwaambia. Ni kwa sababu mbele ya kugusa ufunguo nilikuwa ninaizunguka kamyo yote, polepole, nikiinama, nikigusa, nikinusa. Vijana wakasema, "Tazameni, Padri anazunguka altare! Padri, usisahau kubariki na ile gurudumu ya nyuma!" Nikawaambia, "Ninaibariki, maana weye utakuja kuizika." Wakacheka, na mimi nikacheka, na sikuacha kuzunguka.

Aliyenifundisha kuzunguka ni Muzee Kambale, Munande mufupi mwenye sauti kubwa kuliko honi. Nilipokuwa konvoyeri wake, yaani ule msaidizi wa kamyo anayebeba mawe na matusi, hakuniruhusu kugusa usukani mpaka nijue kugusa kila kitu kingine. Alikuwa anasimama njiani baada ya muteremuko, ananiambia niweke mugongo wa mukono karibu na kitovu cha kila gurudumu. Mugongo, siyo kiganja. Ukiungua kiganja hautashika usukani wiki nzima. Ukiungua mugongo utalia tu kidogo. Gurudumu zote zikiwa vuguvugu, twende. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, pale kuna freni inayokokota ao kuna bili, zile beringi, zinazokufa ndani, na hakuna kuondoka mpaka ujue ni nini. "Kamyo haina kinywa," alikuwa anasema, "inasema na homa."

Halafu mawe. Watu wa miji mingine hawalijui hili, lakini sisi tunaishi juu ya mawe ya volkano, na jiwe la volkano liko na meno. Linaingia katikati ya mipira miwili ya nyuma, linakaa pale kama mugeni asiyeaga, linakula mipira yote miwili. Siku mbaya linaruka, na anayelipokea ni mutu wa moto, ile pikipiki, aliye nyuma yako na abiria wake. Kwa hiyo kila ukisimama, inama, tazama katikati. Ukiliona, litoe na chuma. Usiseme "litatoka lenyewe." Ni kweli litatoka lenyewe, hapo ndipo shida.

Mafuta ya motere yanapimwa asubuhi, mbele ya kuwasha, kamyo ikiwa mahali tambarare. Siyo pale kwenye mawe ambako upande mumoja uko juu na mwingine uko chini, halafu unakuja kuniambia mafuta yamepungua. Ukichomoa fimbo ya kupimia, yapake mafuta kwenye vidole. Yakiwa na mchanga, tafuta kule vumbi linakoingilia. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani: zima mawazo ya safari, ita fundi. Na mazuti ya bidon, yaani dizeli ya kando ya barabara, siikatazi, maana ninajua tunavyoishi. Lakini muuzaji wa bidon hakuapa kwa mama yake kwamba hakuna maji. Fungua kile kifuniko cha chini ya filtre kila asubuhi, acha maji yatoke mpaka uone mazuti safi. Kazi ya dakika, jamani! Mutakaa hapa kubishana mupira wa jana nusu ya siku.

Kulikuwa na shofere mumoja, jina lake nalihifadhi maana watoto wake wanasoma na wajukuu wangu. Vumbi letu unalijua, lile jeusi. Filtre yake ya hewa ikajaa, kamyo ikaanza kutoa moshi na kukohoa. Mutu wetu akaitoa filtre, akaipiga juu ya jiwe mpaka karatasi ikapasuka, akaiosha na mazuti, akairudisha ikiwa bado inatona. Akaja kwangu: "Padri, kamyo yangu imerogwa." Nikamwambia, "Imerogwa kweli, na murozi ndiye huyu anayeniongelesha." Filtre ya karatasi haipigwi, haioshwi na mazuti. Inapulizwa kutoka ndani kwenda nje, polepole, na ikichoka inatupwa. Ukitaka kupiga kitu juu ya jiwe, piga nguo zako.

Sasa mutaniambia: Muzee, kamyo za siku hizi ziko na taa. Kitu kikiharibika taa inawaka. Eeh, najua. Niliziona. Niliona pia namna munavyobandika skochi nyeusi, ile tepu ya gundi, juu ya taa ili isiwasumbue macho! Musinicheke, nimeiona na macho haya, na aliyebandika yuko hapa anaangalia viatu vyake. Taa haikamati gurudumu. Taa haitoi jiwe. Mutu ndiye anayeamua kusimama, na kusimama ndiko kunakotushinda, siyo kwenda.

Sababu ya kutushinda ni hii. Kutoka Kibumba mpaka mujini ni kushuka, munajua. Na desturi yetu, sisi mashofere wa barabara hii, ni kushuka libre: unatoa vitesi, yaani gia, unaacha kamyo ijitembeze yenyewe, motere inalala, na ile mazuti iliyobaki kwenye tanki unaiuza. Tunaiita akili. Mimi ninaiita kuuza freni. Motere yako, ikiwa kwenye vitesi ndogo, ndiyo inayoishika kamyo kwenye muteremuko. Ukiilaza, mzigo wote unabaki juu ya freni, freni zinapata moto, zinanuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni, halafu unakanyaga na hakuna kitu. Shuka na vitesi ile ile ambayo ungepandia. Wenye kusimama kwenye barieri, vile vizuizi vya barabarani, wanabadilika, muteremuko wa Kibumba haubadiliki.

Nafika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa musimu wa mashu, kabichi zile kubwa za Kibumba. Tulijaza kamyo mpaka juu, mashu, karoti na puaro, tukafunga na kamba nene inayopita juu ya mzigo wote. Wamama wenye mali wakapanda juu ya mzigo wao, kama kawaida. Kila mumoja akashika kamba. Mumoja wao ni Mama Uwimana, muuza mashu, mama mwenye ulimi wa kuchonga miti. Tulikuwa tumesafiri pamoja miaka mingi na hakuna siku hakunitukana kwa upendo.

Niliwasha motere, nikaacha upepo ujae kwenye matanki, maana freni za kamyo zinafanya kazi kwa upepo, bila upepo hauna freni. Halafu nikazima nikatazama saa ya upepo, kile kipimo cha mushale, kama kawaida yangu. Mushale ukaanza kushuka. Nikakanyaga freni, ukashuka mbio. Nikainama chini nikasikia: sssss. Ilikuwa kwenye bomba la raba la gurudumu za nyuma. Nikaomba wamama sabuni na maji kidogo, nikapaka, na pale pale povu likachemka kama ugali unaoiva. Wakati ule patroni alikuwa amelifunga bomba lile na kipande cha shamberi, ile raba ya ndani ya mupira, na waya juu. Kwetu shamberi ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Inafunga mizigo, inafunga viti, inafunga mbuzi. Lakini haifungi upepo wa freni, watoto wangu. Haifungi.

Nikamupigia patroni. Akasema, "Muzee, shuka polepole, utafika. Soko haingoje." Na niwaambie ukweli, wakati ule sikuwa bado nimesema kitu. Nilikuwa nimesimama tu na simu mukononi. Ndipo Mama Uwimana akapiga kelele kutoka juu:

"Shofere! Tunaenda ao hatuendi? Mbona unaitazama hiyo gurudumu kama mutu anayeaga maiti?"

"Mama, freni haziko sawa."

Akasema, bila kucheka, "Weye uko na mulango. Ikikimbia utaufungua uruke. Siye huku juu tuko na kamba tu."

Neno lile liliingia ndani yangu na halijatoka. Miaka yote nilikuwa ninasema "sisi tunashuka," kumbe kulikuwa na kushuka namna mbili kwenye kamyo moja. Nikamuambia patroni kwenye simu: hapana, sishuki. Lete bomba jipya.

Hakuleta bomba. Alikuja mwenyewe na jipu yake, na kwenye usukani wa jipu ile alikuwa Mugisho, mutoto wangu. Wakati ule alikuwa anamuendeshea patroni mambo madogo madogo, akiomba kila siku apewe kamyo. Alikuwa ametoka tu kupata mutoto wake wa kwanza. Patroni akanyosha mukono: "Ufunguo." Nikampa, mali ni yake. Akageuka akamupa Mugisho.

Nilimutazama mutoto wangu. Nilimuambia, "Mugisho, hiyo kamyo haina upepo." Akajibu na macho chini, "Papa, nitashuka na vitesi ya kwanza." Akapanda. Wamama nao wakabaki juu, maana mashu ya leo kesho ni majani ya mbuzi. Mama Uwimana akanitazama tu, akaivuta kamba akaizungusha kwenye mukono.

Niliiona kamyo ikishuka mpaka ikapotea kwenye kona. Nikakaa juu ya mawe, mimi muzee muzima, nikalia. Nikasema Salamu Maria zote ninazozijua na zile ninazochanganya. Ninasema wazi: sikulilia kazi. Nililia mutoto.

Na ikafika.

Eeh, munatazamana! Mulidhani nitasema ilianguka? Ilifika vizuri, wamama wakauza mashu, patroni akapiga kifua, parkingi yote ikacheka. "Padri! Kamyo yako ya kifo iko pale inakunywa mazuti!" Hata leo kuna mutu ananikumbusha. Na jibu langu ni lile lile, wachukie wasichukie: mulevi naye anavuka barabara anafika nyumbani, je, pombe imekuwa dawa ya macho? Kufika hakuonyeshi kwamba freni ni nzima. Kunaonyesha kwamba Mungu ana huruma, na huruma ya Mungu si kitu cha kufungia bomba.

Nyumbani hatukugombana. Ingekuwa afadhali. Mugisho alikuwa anakuja Siku ya Mungu na bibi yake na mutoto, tunakula sombe, tunaongea mupira, tunaongea mvua, na kamyo haitajwi. Mama yake alikuwa anatutazama sote wawili anatikisa kichwa. Mara moja nilijaribu, nikamuuliza, "Bomba lile walibadilisha?" Akasema, "Walifunga tena." Akamega ugali. Sikuongeza. Unaweza kumufundisha mutoto kupima mafuta, unaweza kumufundisha kusikiliza motere. Neno "hapana" hauwezi kumutilia kinywani. Hilo atalitafuta mwenyewe, na mimi niliogopa atalitafuta kwenye kona, kamyo ikiwa inakimbia.

Sasa juzi. Nilikuwa ninanyoa ndevu. Simu ikalia, Mugisho.

"Papa."

"Ndiyo."

Nikasikia upepo wa Kibumba kwenye simu na wamama wanaopiga kelele. Nikasikia pia kitu kimoja kilichokosekana: motere haikuwa inanguruma.

"Papa, nimezima. Mushale unashuka."

Wembe ukaanguka kwenye beseni. Lakini kinywa changu, unajua kinywa cha shofere, kikauliza kazi: "Umeweka mawe ya kuzuia gurudumu?"

"Niliweka."

"Mbele ao nyuma ya gurudumu?"

"Mbele, papa. Kamyo inaangalia chini."

"Ni vizuri. Ngoja hapo."

Sijamaliza kupangusa sabuni, simu tena. Patroni. "Muzee! Mutoto wako ameasi! Anakataa kushusha mali ya watu! Sema naye!"

Nikamuuliza polepole, "Tabia hiyo amemufuata nani?"

"Amekufuata weye!"

"Asante sana, patroni," nikamuambia. "Hilo ni neno zuri kuliko yote uliyowahi kuniambia."

Akakata simu. Nikatoka na ndevu upande mumoja. Birere, kule mujini, nilipita mbio kwa mutu ninayemujua, muuza vipande vya kamyo. Akataka kuniuliza urefu wa bomba. Nikamuambia, kata, urefu wa bomba lile ninaujua kuliko kimo cha bibi yangu. Nikalizungusha shingoni kama skafu, nikapanda moto. Yule kijana wa moto aliniuliza, "Muzee, unaenda kufunga nyoka?" Nikamuambia aangalie barabara.

Nilimukuta mutoto wangu amekaa juu ya jiwe, karibu na pale nilipokaliaga mimi. Amenyong'onyea. Wamama wamekasirika, wanamuambia mashu yanakufa. Patroni alishampigia kusema kesho asije. Na Mama Uwimana, amezeeka kama mimi sasa, yuko palepale juu ya mzigo, hakusumbuka hata kushuka. Akaniona: "Haa, Padri! Umeleta ubatizo?"

Tukalala chini ya kamyo, mimi na mutoto wangu, mabega kwa mabega. Yeye akakata waya na ile shamberi ya zamani, mimi nikafungua nati. Tukaweka bomba jipya. Tukafungua matanki ya upepo chini, maji machafu yakatoka, tukafunga. Akapanda akawasha, akangoja upepo ujae, akazima. Mimi nikaomba sabuni, wamama wakanipa, nikapaka. Hakuna povu. Akakanyaga freni, akashika. Hakuna povu. Mushale ukasimama pale pale ukatutazama.

Mugisho akashuka, akapangusa mikono kwenye suruali, akaninyoshea ufunguo. "Papa, shusha weye. Mimi kesho sina kamyo, na weye hawakukuaga. Shusha ya mwisho."

Mikono yangu iliutamani usukani ule, nisiwadanganye. Niliutamani sana.

"Hapana," nikasema. Neno langu lile.

"Basi panda mbele, tukae wote."

"Hapana."

Nikaenda nyuma. Nikakanyaga gurudumu, nikashika mbao, goti likalalamika, Mama Uwimana akaninyoshea mukono akanivuta. "Muzee, umepotea?" akasema. "Mulango uko mbele."

"Ninaujua mulango."

Akanisogezea nafasi juu ya mashu. Chini nikamuona Mugisho anaizunguka kamyo. Hakuwa na haraka. Aliinama kwenye kila mipira miwili, akatoa jiwe moja akalitupa kwenye shamba, akaweka mugongo wa mukono kwenye kila gurudumu, wamama wakimutukana na yeye hasikii. Alipofika upande wangu akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na yangu sijui.

"Papa," akaniita, "umeshika kamba?"

"Nimeshika," nikamuambia. "Toa mawe, twende."